Tukienda Mwali, Tufuate Kalenda ya Kasa



Mwezi uliopita kibati chetu cha mafundi cherehani kilitimiza miaka miwili. Tupo wanane. Mbali na zamu za kibati, kila mmoja amekuwa akiweka kidogo pembeni kwa ajili ya safari moja ya pamoja, na siku hiyo tulikaa barazani kuamua tuende wapi. Wengine walitaka Dubai, turudi na vitambaa. Mwenzetu ambaye bibi yake ni Mngazija akasema, "Twendeni Mwali tukaone kasa wakitaga, na nyangumi na watoto wao."

Mmoja wetu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio. "Kasa! Nitoe nauli ya ndege kwenda kumtazama kasa, na mimi nimemla tangu mdogo?"

Kicheko hakikufika mbali, maana sote tulikumbuka Panza. Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa hicho cha Pemba, watoto 8 na mwanamke mmoja mtu mzima walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Mwenyezi Mungu awarehemu. Tukanyamaza. Kisha tukaulizana: sisi tuliozaliwa visiwani, tunamjua kasa kwa njia gani nyingine zaidi ya chungu?

Ndipo tulipofikia maoni yetu ya leo. Safari ya kwenda kutazama viumbe si anasa ya wageni peke yao. Ni yetu pia, na tena imo katika dini yetu, maana zipo sura nzima zilizopewa majina ya nyuki, sisimizi na buibui. Lakini tukiipanga, tuipange kwa kalenda ya viumbe wenyewe. Anayekwenda kwa kalenda ya picha zake hurudi na picha, na nyuma yake huacha madhara.

Kwa wasiofahamu, visiwa vya Komoro vimezaliwa na moto wa ardhini. Ngazija ina mlima Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, ambao bado uko hai. Ulipolipuka 2005, majivu yaliingia kwenye mabirika ambamo watu huhifadhi maji ya mvua. Mabirika yale ndiyo tegemeo lao, kwa sababu jiwe la Ngazija bado ni changa na hunywa mvua yote, hata hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Mwali ni kisiwa kidogo zaidi na moto wake ulizimika zamani, hivyo kina mito na msitu mnene. Tangu 2020 kisiwa chote kimo katika orodha ya UNESCO ya hifadhi hai za dunia. Na watu wake ni ndugu zetu: ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi kama sisi, na lugha yao ukiisikiliza kwa utulivu utaokota maneno mengi.

Sasa kalenda. Nyangumi huja maji ya Komoro kuzaa na kunyonyesha kati ya Julai na Oktoba. Kasa wao hutaga katika fukwe za kijiji cha Itsamia mwaka mzima. Msimu wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Aprili, ni wakati wa tufani. Kimbunga Kenneth kilipita Komoro mwezi wa Aprili 2019. Julai na Agosti ndiyo miezi ya harusi kubwa Ngazija, jamaa zao hurudi kutoka Ufaransa na ndege hujaa. Tulipoyapima yote hayo tukachagua Septemba, na siku tatu za Itsamia badala ya moja. Kasa hupanda usiku, maji yakijaa, na hana ahadi na mtu. Ukimkosa usiku wa kwanza, usimlaumu kiongozi.

Wakala mmoja tuliyemuuliza alituahidi nyangumi bila shaka yoyote, kuogelea nao, na picha tumeshika kitoto cha kasa mkononi. Tulimshukuru tukaondoka. Mama anayenyonyesha hafukuzwi kwa boti. Na kitoto cha kasa kinahitaji kutambaa chenyewe mpaka majini. Akijaaliwa kuishi, yule wa kike hukaa baharini miongo kadhaa kabla ya kurudi, naye mama, kutaga pande zile zile alikozaliwa. Wengi hawafiki. Hao wachache tusiwachezee kwa ajili ya simu zetu.

Kuhusu chombo hatuna mzaha. Kutoka Dar es Salaam utaruka mpaka Moroni, kisha utavuka kwenda Mwali kwa ndege ndogo au kwa boti. Boti ni rahisi, lakini sisi ni Wazanzibari, na ya 2011 na 2012 hatujayasahau. Tumekubaliana: bahari ikichafuka tunangoja, na hakuna anayepanda bila jaketi la kuokolea, hata kama wenyeji wanapanda hivyo hivyo. Ndiyo maana tumeongeza siku mbili za akiba katika ratiba. Suala la mahram pia tumelipanga mapema: waume wawili na kaka mmoja watafuatana nasi.

Katika mavazi, ruhusuni fundi aseme. Ufukweni usiku nguo nyeupe humshitua kasa, kwa hiyo baibui letu jeusi lina kazi njema pale. Pindo lifike kifundo cha mguu tu, lisiburure mchangani wala kunasa unapopanda boti. Ndani vaeni suruali ya pamba, siyo ya nailoni, maana mkitaka kuwaona popo wa Livingstone kuna kilima cha kupanda. Popo hao wana mabawa ya karibu mita 1.4 wakiyakunjua, na duniani hupatikana Mwali na Nzuwani tu. Tochi iwe ya mwanga mwekundu. Msimkaribie kasa mpaka aanze kutaga, mkae nyuma yake, na simu zisitoe mwanga.

Pesa zetu tutawapa wenyeji: kiongozi wa kijiji, nyumba ya wageni ya pale pale, mama apikaye. Kule Itsamia wanakijiji wenyewe ndio wanaolinda ufukwe dhidi ya majangili. Mlinzi asipopata riziki kwa kasa aliye hai, tusishangae mwingine akiitafuta kwa aliyekufa.

Na asiye na uwezo wa nauli ya Komoro asijione amekosa. Popo wa Pemba nao hawapatikani popote pengine duniani, na Kidike wanakijiji wamewalinda. Anzeni hapo, nendeni na watoto.

Yule mwenzetu aliyecheka amekubali kwenda, kwa sharti moja: tukirudi, twende sote madrasa anakosoma mwanawe, tuwaeleze watoto tulichokiona, na tuwaambie wazi kwamba nyama ya kasa inaua. Sharti lake limepita bila mjadala. Huenda likawa na faida kuliko safari yenyewe.

Mwenyezi Mungu atufikishe salama na aturudishe salama. Nanyi dada zetu, mmewahi kumwona kasa akiwa hai? Tuambieni.

Wabillahi tawfiq.