Bei ya Mahindi Isiishie Kwenye Grupu

Mfanyabiashara wa mahindi wa Laela, mkoani Rukwa, haoni sababu ya kuwa na tovuti. Ana simu, anajiunga bando, na yumo kwenye magrupu ya WhatsApp yanayomkutanisha na wanunuzi wa Tunduma, madalali wa Sumbawanga na wenye malori wanaotafuta mzigo. Akiandika "Wakuu, bei Laela leo inasomaje?" majibu yanaanza kuingia muda huohuo, mengine kwa maandishi, mengine kwa sauti, na mara nyingine picha ya gunia likiwa juu ya mizani. Anayetaka kumwambia mtu huyu kwamba mji wake unahitaji kurasa zake wenyewe kwenye intaneti hana budi kuja na hoja nzito. Mimi natengeneza tovuti na programu za kompyuta, ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo msomaji anayo haki ya kunitilia shaka. Hata hivyo naomba anisikilize, maana swali la wapi mji mdogo uweke taarifa zake ni la umma, na linajibiwa kila siku bila kujadiliwa.

Tuanze na sababu za WhatsApp na Facebook kushinda, kwa kuwa zimeshinda kwa haki. Laela ipo kwenye barabara kuu ya Tunduma–Sumbawanga. Lami yake ilijengwa kwa fedha za Marekani kupitia shirika la Millennium Challenge Corporation (MCC), kipande cha Ikana hadi Laela kikiwa na kilometa 64.2 na cha Laela hadi Sumbawanga kilometa 95.3. Lami ilifupisha safari, na bei nayo ikaanza kukimbia. Ujumbe wa WhatsApp unaendana na mbio hizo. Mtandao ukikatika, ujumbe hungoja, ukirudi, unaondoka. Asiyependa kuandika anabonyeza na kuzungumza. Kampuni za simu nazo zimekuwa zikiuza bando la mitandao ya kijamii kwa bei nafuu, na bando hilo halikufungulii tovuti ya mtu mwingine. Facebook yenyewe imekuwa ikipatikana kwa Kiswahili tangu mwaka 2009. Julai 2014 ilizindua mpango wake wa Internet.org nchini Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa Ufipa, uwanda ilipo Laela, na Oktoba mwaka huohuo ikauleta Tanzania kwa kushirikiana na Tigo: kurasa chache zilizochaguliwa zikawa bure, nyingine zote zikabaki za kulipia. India ilipiga marufuku utozaji wa namna hiyo Februari 2016. Kwetu uliendelea, na wapo vijana waliokua wakiijua Facebook kabla ya kujua kwamba nje yake kuna intaneti.

Lakini bando la bei nafuu si sababu pekee iliyowaondoa watu kwenye tovuti. Sisi watengenezaji tumewafukuza. Ukurasa wa kawaida wa tovuti siku hizi unapita MB 2, wakati maneno ambayo msomaji anayafuata humo yanaweza kuwa KB 20 tu. Nyingine zote ni mapambo: picha za mgeni rasmi zisizopunguzwa ukubwa, vibango vinavyojisogeza vyenyewe, mafungu ya JavaScript yaliyopakuliwa mazima ili kufungua menyu moja, na vifaa vya kufuatilia msomaji amebonyeza wapi. Mtengenezaji ananunua kiolezo kilichokwisha kuundwa, anakijaribu kwenye kompyuta mpya ofisini Dar es Salaam penye faiba, anaona kinang'aa, anakabidhi kazi na kulipwa. Mtu aliyeko Ilemba au Muze, chini bondeni Ziwa Rukwa, akiufungua ukurasa huo kwa simu ya bei ndogo, anaona duara likizunguka mpaka MB zinakwisha. Baada ya hapo hatarudi, na hana kosa. Kuchagua kwake WhatsApp ni hukumu sahihi juu ya kazi yetu.

Hali hii haikuwa lazima. Wavuti aliyoibuni Tim Berners-Lee akiwa kwenye kituo cha utafiti cha CERN ilikuwa maandishi na viungo, na CERN iliitoa bure kwa dunia nzima tarehe 30 Aprili 1993. Ukurasa ulioandikwa kwa namna hiyo miaka 30 iliyopita unafunguka leo kwenye simu yoyote yenye kivinjari, bila kuombwa kusasisha chochote. Sifahamu programu ya simu inayoweza kujivunia umri huo. Urahisi huo ungali mikononi mwetu. Tumeuacha kwa sababu mteja hulipia kinachong'aa, nasi hatumwelezi gharama anayoibeba msomaji wake.

Sasa nije kwenye hasara, ambayo haionekani siku hiyohiyo. Bei iliyotajwa kwenye grupu Julai haipatikani Januari. Aliyejiunga jana haoni yaliyosemwa mwaka jana. Simu ikiibiwa au ikitumbukia majini, kumbukumbu ya misimu mitatu inakwenda nayo. Grupu la WhatsApp lina kikomo, tangu mwishoni mwa 2022 ni watu 1,024, na mwenye kuamua nani aingie na nani atolewe ni admini, ambaye mara nyingi naye ni mfanyabiashara. Mkulima wa Miangalua asiye na namba ya admini yuko nje. Akitafuta kwenye Google hataona kitu, kwa kuwa mazungumzo ya grupu hayafiki huko.

Hapa ndipo penye uzito kwa mkulima wa Ufipa. Mahindi ya uwanda huu yanavunwa katikati ya mwaka, na wakati huo ndipo kila mtu ana mzigo, ada za shule zinadaiwa na bei iko chini. Anayejua bei ilipandaje kuelekea Januari katika misimu mitano iliyopita anaweza kuamua kwa hesabu auze magunia mangapi sasa na ayaweke mangapi ghalani. Dalali anajua, maana kuishi kwake ni kujua. Mkulima anakumbuka mwaka mmoja au miwili, na ya mwaka mbaya ndiyo anayoikumbuka zaidi. Tumepiga kelele nyingi kuhusu lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, na ni haki, kwa kuwa lumbesa ni wizi wa kilo unaoonekana kwa macho. Kukosa kumbukumbu ya bei nako kunamnyang'anya mkulima fedha, na hakuna mizani ya kukuonyesha ni kiasi gani.

Kampuni za mitandao nazo hazina mkataba na Laela. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita, na biashara zilizokuwa zimeweka kila kitu humo zikakaa kimya. GeoCities, iliyobeba kurasa za mamilioni ya watu, ilifungwa mwaka 2009. Google+ ilifungwa Aprili 2019. Mwaka huohuo MySpace ilikiri kwamba nyimbo zilizopakiwa humo kwa zaidi ya miaka kumi zimepotea. Hizi hazikuwa kampuni za vichochoroni. Walioweka kazi zao humo walijiona salama kama tunavyojiona sisi leo.

Wapo wenzangu katika fani hii wanaoishia hapo na kusema: basi kila mtu ajenge tovuti yake. Siwaungi mkono, kwa sababu wanazungumza kama vile tuko nchi ambayo tovuti haiguswi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, shilingi milioni 1 za leseni na milioni nyingine ya kila mwaka. Aliyekiuka alikabiliwa na faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kwa mkulima anayeuza mahindi shilingi 500 kwa kilo, milioni moja ni magunia 20 ya kilo 100. Ada zilishushwa mwaka 2022, jambo lililokuwa jema, lakini watu waliokuwa wakianza kuandika walikuwa wamekwisha kuhamia Facebook na Instagram, na wengi hawakurudi.

JamiiForums ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Ni jukwaa la Kitanzania, limejengwa na Watanzania, na mazungumzo yake yanasomeka na kutafutika bila kuomba ruhusa ya admini. Mmoja wa waanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa Desemba 2016, na moja ya mashtaka lilikuwa kuendesha kikoa kisichosajiliwa nchini kwa .tz. Juni 2018 jukwaa likajifunga kwa muda kutokana na kanuni zile mpya. Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ikasimamisha leseni yake kwa siku 90. Wageni nao hawakupona: mtandao wa X ulizuiwa nchini Mei 2025. Kisha tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa, na kwa siku kadhaa mwenye tovuti na mwenye grupu wakawa sawa.

Kwa maoni yangu, matukio haya yanatufundisha tutengeneze nini. Kumbukumbu ya mji ikae katika umbo linaloweza kunakiliwa na mtu yeyote: maandishi ya kawaida na jedwali, vyepesi, vyenye tarehe. Ukurasa wa namna hiyo unaweza kuhifadhiwa kwenye simu za watu mia. Unaweza kuchapishwa na kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji Kaengesa au Mpui, na ukasomeka hata siku ambayo hakuna mtandao. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu haubandikiki ubaoni.

Kwa hiyo sisemi watu watoke kwenye magrupu. WhatsApp ni mnada: watu wanakutana, wanapatana bei, wanataniana, wanaondoka. Lakini hakuna Mfipa anayelaza mavuno yake uwanjani kwenye mnada, anayapeleka ghalani. Kinachokosekana Laela ni ghala hilo la taarifa, mahali pamoja panapojulikana, ambapo bei ya wiki, tangazo la zabuni, ratiba ya chanjo ya mifugo na orodha ya mawakala wa mbolea vinawekwa na kubaki. Kutoka hapo ndipo taarifa ipelekwe kwenye grupu, kwenye Facebook, kwenye ujumbe mfupi wa simu.

Na taarifa hiyo ifike mpaka kwenye simu ya kitochi. Serikali imekwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Namba *152*00# inafungua huduma kadhaa za umma kwenye simu yoyote, bila bando. Ruzuku ya mbolea ilipoanza mwaka 2022, wakulima waliandikishwa na kupewa namba zao kwa ujumbe mfupi, hata wasiokuwa na simu janja. Kama mfumo unaweza kumtambua mkulima wa Mwazye anapokwenda kuchukua mfuko wa mbolea, unaweza pia kumtumia bei ya mahindi ya soko la karibu naye.

Gharama si kisingizio. Tangu 2017 mikoa na halmashauri zetu zina tovuti zilizojengwa kwa muundo mmoja chini ya .go.tz. Seva ipo, jina lipo, mtu wa TEHAMA yupo. Kinachowekwa humo ndicho tatizo: tovuti nyingi za aina hii hujaa ziara na hotuba, na ukitafuta bei ya debe la maharage huipati. Uamuzi wa nini kiwe juu ya ukurasa wa kwanza hauhitaji mfadhili.

Kuna ushahidi mwingine ambao huwa naurudia. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na katika miaka yake ya mwanzo ilijengwa na watu wachache wa kujitolea, akiwemo Ndesanjo Macha, aliyekuwa pia miongoni mwa watu wa kwanza kuandika blogu kwa Kiswahili. Watu hao na waliowafuata waliandika makala fupi za kata za Tanzania, na Laela imo. Makala yenyewe ni mistari michache, lakini ipo, inafunguka kwa simu ya kawaida, na hakuna kampuni iliyoifuta. Walichofanya watu wa kujitolea bila mshahara, halmashauri yenye bajeti haiwezi kusema kimeishinda.

Ninayoyaomba ni machache. TCRA itamke wazi, kwa maandishi, kwamba ukurasa wa bei, wa ratiba au wa matangazo wa chama cha ushirika, shule, zahanati au parokia hauhitaji leseni ya maudhui wala ada yoyote. Katibu wa chama cha ushirika (AMCOS) asilazimike kumtafuta wakili ili aweke jedwali mtandaoni. Kampuni za simu zifungue kurasa za .go.tz kwa bando lolote, hata lile la mitandao ya kijamii. Wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, hasa walioko kampasi ya Rukwa pale Sumbawanga, wapewe kazi ya kutengeneza ukurasa wa soko la Laela usiozidi KB 100, na wasipewe alama mpaka uwe umefunguka kwenye simu ya bei ndogo kule bondeni Muze.

Naye afisa biashara wa Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga asingoje hayo yote. Aandike bei ya gunia la mahindi ya wiki hii, tarehe na jina la soko, aiweke kwenye tovuti ya halmashauri, kisha kiungo chake akitume kwenye kila grupu alilomo. Wiki ijayo aongeze mstari wa pili.