Mtini ule ulipewa mwaka mmoja

Unaukumbuka mfano wa mtini katika Luka 13? Mwenye shamba alitaka ukatwe kwa kuwa hauzai. Mtunza shamba akaomba mwaka mmoja zaidi, achimbe pembeni yake na kutia mbolea. Aliyejua tiba ya ule udongo ni yule aliyeshika jembe.

Wakulima wadogo wa Bungoma na Kisumu, Kenya, nao walitia mboji, wakatandaza mabua na kupanda miti shambani. Udongo ukahifadhi kaboni, na mwaka 2014 mradi wao ukapata hati zake za kwanza za kaboni. Lakini malipo hayo yalikuwa madogo. Faida kubwa ilikuwa mavuno.

Hapo ndipo penye shida. Malipo ya kaboni huja baada ya vipimo, ilhali mkulima hujaribu mbinu mpya leo, watoto wakisubiri chakula. Akikosea, hasara ni yake peke yake. Akifaulu, nafuu ni yetu sote. Kwa hiyo fedha zitangulie jembe.

Kanisa lako hupokea sadaka ya mavuno kila mwaka. Je, sehemu yake haiwezi kumrudia mkulima, iwe mtaji wa kujaribu?