Usaili wa Bahati Nasibu

Leo nimeingia hapa na hasira kidogo, mtanivumilia.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Songea. Alimaliza kidato cha sita mwaka jana mwezi wa tano, na Julai matokeo yakatoka: daraja la kwanza. Nafasi ya chuo hapa nyumbani alipata, lakini akaiachia. Alitaka kwanza ajaribu chuo kimoja cha Marekani, jina nalihifadhi.

Msimcheke. Vyuo kama Harvard, Yale, Princeton na MIT humchagua hata mgeni bila kuangalia mfuko wa baba yake, na akishachaguliwa humlipia pengo lote ambalo wazazi hawaliwezi. Kwa mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi hiyo si ndoto ya kijinga. Ni hesabu, tena ngumu, maana Harvard huchukua chini ya watu 5 katika kila waombaji 100. Dogo aliijua hesabu hiyo na akaomba.

Maombi yalifungwa mwanzoni mwa Januari, majibu ni mwishoni mwa Machi. Hapo katikati kuna kitu kinaitwa usaili wa wahitimu. Mtu aliyesoma chuo hicho zamani, leo pengine ni mwanasheria au daktari katika mji ulio karibu nawe, anajitolea kukuita. Mnazungumza kama saa moja hivi, kisha anaandika taarifa yake na kuituma chuoni.

Sasa tunamaliza Februari na dogo hajaitwa. Mwenzake aliyeomba chuo hichohicho anakaa Mikocheni. Yeye aliitwa wiki ya pili ya Januari, wakakaa mgahawani, wakanywa juisi, wakaagana vizuri. Dogo kila asubuhi ananunua bando, anafungua barua pepe, anafunga. Juzi kaniuliza, "Kaka, au nilikosea kuandika namba ya simu?" Mama mdogo naye kanipigia: "Mwanangu, si wewe ni mwandishi wa habari? Hebu waulize."

Nikawauliza. Wakanijibu kwa adabu zote kwamba usaili hutegemea upatikanaji wa wahitimu, na asiyeitwa hapungukiwi kitu.

Hapo ndipo wanaponiudhi. Kama usaili hauna uzito, taarifa inaandikwa ya nini na inasomwa ya nini? Na kama una uzito, kwa nini ugawiwe kwa kuangalia nani anakaa jirani na mhitimu? Mshika mbili moja humponyoka.

Historia yenyewe ya jambo hili si safi. Miaka ya 1920, Harvard, Yale na Princeton waliona mitihani peke yake inawaingiza Wayahudi wengi kuliko walivyotaka. Rais wa Harvard wakati huo, A. Lawrence Lowell, alipendekeza mwaka 1922 wawekewe kikomo. Kikomo cha wazi kilipopigiwa kelele, mlango wa nyuma ukafunguliwa: barua za kueleza "tabia", picha ya mwombaji, mahojiano ya ana kwa ana. Mtaalamu wa sosholojia Jerome Karabel ameyaeleza hayo kwa kirefu katika kitabu chake The Chosen cha mwaka 2005.

Mtaniambia basi usaili ufutwe tu. Ngojeni kwanza. Ile kesi dhidi ya Harvard, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliitolea hukumu tarehe 29 Juni 2023, ilitoa ushahidi wa ajabu. Maofisa wa udahili, ambao wengi wa waombaji huwasoma kwenye karatasi tu, waliwapa wenye asili ya Asia alama za chini za haiba kwa wastani. Wahitimu waliokaa nao meza moja waliwapa alama zinazokaribiana na za Wazungu. Kwa maneno mengine, mtu akionekana usoni huwa mtu. Akibaki karatasi, msomaji humjazia mwenyewe yanayopungua.

Sasa niambieni tena kwamba asiyeitwa hapungukiwi kitu! Gazetini kwetu ukipeleka habari ya mtu ambaye hukumpigia hata simu, mhariri anakurudishia. Hawa wanaandika hatima ya mtu.

Najua utetezi wao. Wahitimu wanajitolea, waombaji ni makumi ya maelfu, na Songea ni mbali. Lakini umbali ulikufa mwaka 2020, wakati wa Korona, usaili ulipohamia kwenye video. Mhitimu aliyeko Nairobi au Chicago anaweza kumwona dogo akiwa sebuleni kwa mama yake. Kama hata hivyo hawatoshi, basi wafanye kama Columbia, walioacha usaili wa wahitimu kwa waombaji wote mwaka 2023. Au wachuje kwanza, wawaite wote waliovuka mchujo, na waliobaki waambiwe kwa tarehe inayojulikana: hutaitwa, endelea na maisha yako.

Maana ukimya nao ni jibu, ila ni jibu la mtu asiyetaka kuwajibika. Sisi tuliohitimu hapa tunaufahamu. Nani hajasoma chini ya tangazo la kazi: "Watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa"? Nilituma barua kumi na nne kabla sijapata meza hii ninayoandikia. Majibu yalikuja mawili. Zile kumi na mbili mpaka leo sijui kama zilifunguliwa. Walau Sekretarieti ya Ajira, pamoja na lawama zetu zote, hutoa majina ya walioitwa kwenye usaili. Unatafuta jina lako, hulioni, unalia siku moja, kesho unaamka. Chuo chenye mabilioni ya dola benki kinashindwa hilo?

Dogo nimemwambia asingoje simu. Dirisha la vyuo vya hapa likifunguliwa aombe tena, na mkopo aombe. Kaniitikia, "Sawa kaka." Halafu akaniuliza kama huko Marekani sasa hivi ni usiku au mchana.

Sijui wenzangu mnaonaje. Naomba kutoa hoja.