BARAZA YA MAALIM: Mpira wa Ukingo wa Paa

Kama ilivyo ada ya kitabu chetu, kila mwaka nafasi hii hupewa jambo moja la nyumbani ambalo jamaa wameniuliza zaidi ya mara moja. Mwaka huu nimeulizwa na nyumba tatu, mbili za Portsmouth na moja ya London, khabari ya magari ya kulala yenye paa la kunyanyuka: kwa nini yanavuja, na je, mtu aweza kuyatengeneza mwenyewe uani kwake? Jibu ni kwamba aweza, lakini kwanza shurti ajue anatengeneza nini.

Sisi tuliolea watoto katika nchi hii tunaijua thamani ya gari la namna hii. Nyumba ya watu sita haimudu vyumba vya hoteli kila kiangazi, lakini garini hulala, wawili juu, wawili chini, na waliobaki hemani, na wali ukapikwa hapo hapo mlangoni. Waingereza wengi wakiyaita yote Dormobile, ingawa hilo lilikuwa jina la magari ya kampuni moja, Martin Walter ya Folkestone, iliyoanza kuyafanya katika miaka ya 1950. Wajerumani nao walikuwa na Volkswagen yao, ambayo ilianza kuundwa mwaka 1950, na mafundi mbalimbali wakawa wanalikata paa lake la bati na kulivika jingine la faibaglasi, linalonyanyuka na turubai yake pembeni. Ndugu yangu marehemu aliacha moja la aina hiyo, la mwaka 1986, na ndilo nitakalolitolea mfano.

Gari hilo lilianza kudondosha maji juu ya kitanda cha juu. Mjukuu wa shemeji yangu, binti wa miaka saba, ana pumu, na mwaka juzi safari ya siku tano ilikatizwa siku ya pili kwa sababu alikohoa usiku kucha. Tulipoikunjua turubai tukakuta madoa meusi ya ukungu kwenye mikunjo yote. Shemeji akasema gari liuzwe. Mwanawe mkubwa akaniambia, "Ami, mimi nitapaka silikoni ukingo mzima, tuifue turubai, tuliuze kabla ya mvua za Oktoba. Si wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta?" Nikamjibu, "Baba, wahenga wamesema ziba, hawakusema ficha." Shemeji alikuwa akichagua mchele, wala hakuinua kichwa. Akauliza, "Na huyo atakayelinunua, mtoto wake atalala wapi?" Maneno yakaishia hapo.

Tuliosoma chuoni tunakikumbuka kisa cha muuza nafaka wa sokoni aliyeziweka kavu juu na zilizorowa mvua chini, na Mtume (S.A.W.) alipotia mkono akakuta unyevu, akamuuliza kwa nini zile zilizorowa hakuziweka juu watu wakaziona. Silikoni iliyopakwa juu ya mpira uliokufa ni nafaka kavu juu ya mbichi. Tena, hata kwa ufundi haifai. Paa ni kitu cha kufungua na kufunga. Ukiligandisha, siku ya kwanza kulinyanyua utaupasua huo utando. Na ikishakauka, silikoni haishikani na rangi wala na gundi nyingine, kwa hiyo fundi wa baadaye atakaa siku nzima akiikwangua.

Sasa tuje kwenye mpira wenyewe. Baina ya paa la juu na kiwiliwili cha gari pana mpira mwembamba unaozunguka ukingo wote. Kazi yake ni kubonyea paa linapofungwa, ujaze nafasi, kisha urudi katika umbo lake paa linapofunguliwa. Jua, baridi na hewa huukausha mwaka hadi mwaka. Mwisho hubaki bapa kama ulivyobanwa, haurudi tena, na ukiukunja kwa vidole unaonyesha nyufa ndogo ndogo. Hapo maji huingia kwa njia mbili: gari likisimama, hunyonywa katika nafasi nyembamba kama mafuta yanavyopanda utambi; gari likienda, upepo wa barabarani huyasukuma ndani.

Yafaa ieleweke kwamba pale maji yanapodondoka sipo yanapoingilia. Yakishapita mpira hutambaa juu ya dari mpaka yapate tundu au mshono. Gari likiegeshwa limeinama mbele, tone hutokea mbele. Likiinama nyuma, hutokea nyuma. Aidha, si kila tone ni la mvua. Watu wanne wakilala garini madirisha yamefungwa, pumzi zao hugeuka maji kwenye bati baridi. Ukiona maji asubuhi ya usiku mkavu, mpira hauna kosa. Fungua dirisha kidogo.

Kipimo changu ni cha mwalimu: chaki. Isage iwe unga, upake ukingo wa gari mahali mpira unapokaa, funga paa taratibu, kisha lifungue. Mpira ulipogusa utachukua weupe, na usipogusa utabaki mweusi. Baada ya hapo mtu mmoja aingie ndani na tochi, mwingine amwagie maji kwa mpira wa bustani, aanzie chini kwenye vioo apande juu kidogo kidogo. Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua ya wapi yameingia. Angalieni pia skrubu za karia na mpira wa kioo cha mbele, kwani paa husingiziwa mengi. Kwa gari letu, chaki ilikosekana pembe mbili za mbele na kipande cha upande wa kushoto.

Kabla ya kutia mkono, tegemeza paa kwa miti miwili iliyokatwa kwa kipimo. Zile shokapu za gesi zinazolinyanyua huchoka bila kutoa taarifa, na paa likishuka juu ya mtu aliyeinamisha kichwa ukingoni, hayo si matengenezo tena. Chagua siku kavu isiyo na baridi kali.

Mpira wa zamani uanze kuuvua kwenye kiungo chake, kwa kawaida nyuma. Usiutupe. Kata kipande cha urefu wa kidole uende nacho dukani, kwa sababu mipira hii ina maumbo mengi. Ukinunua mnene kuliko wa asili, paa halitafunga au litalazimisha komeo. Ukinunua mwembamba, hujafanya kitu. Wetu ni wa kubana: upande mmoja una mfereji wenye chuma ndani unaong'ata ukingo, na upande wa pili una bomba laini linalobonyea. Mingine hubandikwa kwa gundi. Pima mzunguko kwa uzi, si kwa macho. Wetu ulikuwa mita 7 na nusu, tukanunua 8. Bei yake haikufika ya usiku mmoja wa hoteli.

Kazi ndefu ni kusafisha. Gundi kuukuu na uchafu uondolewe kwa kikwangulio cha plastiki na spiriti nyeupe, ukiijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Chini ya mpira wetu, kwenye ukingo wa bati, tulikuta kutu ya urefu wa shubiri mbili. Tukaisugua kwa msasa mpaka bati likang'aa, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya gari, tukaacha siku mbili. Silikoni ya kijana wetu ingeifunika kutu hiyo ikaendelea kula gizani, na baada ya miaka michache mnunuzi angekuwa na tundu.

Kuvika mpira mpya hakutaki nguvu. Anzia katikati ya nyuma, ili kiungo kikae mbali na upepo wa mbele. Bonyeza kwa kiganja, na panapokataa gonga kwa nyundo ya mpira. Jambo la kushika kuliko yote ni hili: usiuvute. Mpira uliovutwa huonekana umekaa vizuri siku hiyo, kisha hurudi kidogo kidogo, kiungo kikaachana na pembe zikawa nyembamba. Pembeni usukumie ndani, usiuburure. Ukifika mwisho, ukate uzidi kidogo, kama nusu sentimita, ncha zisukumane zenyewe, kisha uziunganishe kwa supagluu.

Ukishamaliza, rudia chaki, kisha funga paa usiku mzima. Mpira mpya huwa mgumu kufungika kwa siku za mwanzo, wala hilo si kosa. Baadaye, kila baada ya miezi kadhaa upanguse kwa maji na sabuni na uupake grisi ya silikoni kidogo. Usiupake vaselini wala mafuta ya injini. Mpira wa aina ya EPDM, ambao ndio unaotumika sana siku hizi, huvimba kwa mafuta hayo na kuharibika. Na turubai ikirowa, isikunjwe ikakaa. Ukifika nyumbani nyanyua paa mpaka ikauke kabisa.

Kazi yetu ilichukua siku nne pamoja na kungojea rangi. Kijana ndiye aliyeifanya sehemu kubwa, mimi nikishika uzi na chaki. Ile turubai haikusafika, ikabidi ibadilishwe, na hiyo ndiyo iliyokula pesa. Mvua za baridi zote zilipita na plaiwudi ya kitanda cha juu ikabaki kavu. Kiangazi kilichopita binti alilala juu siku nne. Pumu anayo bado, na dawa yake ya kuvuta haimtoki mfukoni, lakini harufu ya ukungu haipo tena.

Shemeji hajasema tena neno la kuuza. Siku atakayosema, iko karatasi niliyoiandika: tarehe, kutu ilikokuwa, mpira uliotiwa na turubai iliyobadilishwa. Mnunuzi ataisoma kabla hajatoa pesa. Akitaka kupunguziwa, na apunguziwe.

Kwa hiyo, jamaa wenye magari haya, chukueni chaki mwezi wa Septemba, kabla ya mvua kubwa, msingoje tone. Kipande cha nusu mita cha mpira wetu kimebaki kwangu. Atakaye kukilinganisha na wa gari lake aje akitazame, na aje baada ya saa kumi jioni, chai itakuwa tayari.

Wassalaam.