Wamerudisha kufuli, na safari hii hatukupiga kelele

Ndugu msomaji, kabla hatujaendelea fanya jaribio dogo. Chukua simu yako, fungua programu unayosikilizia muziki, pakua wimbo mmoja. Imeandika kwamba umepakuliwa? Vizuri. Sasa uchukue wimbo huo uuweke kwenye flashi uchomeke kwenye redio ya gari, au umtumie mamako kwa Bluetooth. Umeshindwa? Wimbo umo ndani ya simu yako, unakula nafasi yako, umeushusha kwa bando lako, lakini haupigi popote isipokuwa ndani ya programu ile ile. Basi hukupakua kitu. Umeazimwa, na mwenyewe anaweza kuja kukidai chake saa yoyote.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Niko hapa Bofa, Kilifi, na riziki yangu naitafuta kwenye kompyuta. Kwa hiyo mtu asije akaniambia ati nalalamika kwa sababu sielewi mambo haya. Nayaelewa, ndiyo maana nalalamika.

Kufuli lenyewe ni jambo rahisi kueleza. Faili ya wimbo inavurugwa kwa hesabu mpaka ukiifungua bila ufunguo unaona takataka tupu. Ufunguo anakaa nao mwenye duka kwenye seva yake, au anauficha ndani ya programu aliyokupa. Kila unapotaka kusikiliza, programu inajiuliza: huyu bado tunamruhusu? Ikijibiwa ndiyo, inaimba. Wataalamu wanaita kitu hiki DRM.

Sasa, hesabu hizi za kuficha mambo zilitungwa kwa ajili ya watu watatu: mimi ninayeandika barua, wewe unayeipokea, na mdaku anayetaka kuichungulia njiani. Wewe nakupa ufunguo, mdaku simpi. Lakini kwenye muziki, anayepokea ndiye huyo huyo anayeshukiwa! Lazima umpe ufunguo ndipo asikie alichonunua, halafu unatumaini hatauona. Jamani, hii si kinga. Ni kama kumpa mtu nyumba na ufunguo, kisha umwombe asijue mlango uko wapi. Na hata kama angeshindwa kabisa, wimbo unatoka kwenye spika, na mbele ya spika anaweza kuweka kinasa sauti. Hakuna mwandika programu mzoefu asiyejua hili. Walioagiza makufuli nao wanalijua.

Ikiwa wanalijua, mbona wanayaweka? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, maana vita hivi vilishapiganwa na sisi wateja tulishinda.

Tarehe 28 Aprili 2003 Apple ilifungua duka la iTunes huko Marekani: nyimbo 200,000, senti 99 kila mmoja. Kila wimbo ulikuja na kufuli lililoitwa FairPlay. Makampuni ya rekodi ndiyo yaliyolidai, ati kuzuia uharamia. Sawa. Julai 2004 kampuni ya RealNetworks ikatoa programu iitwayo Harmony iliyowezesha nyimbo za duka lake kupigwa kwenye iPod, na mwezi uliofuata ikateremsha bei mpaka senti 49. Nusu ya bei! Apple haikupiga makofi. Iliwafananisha jamaa hao na wadukuzi, na programu mpya za iPod zikauziba mlango ule. Hebu nionyeshe haramia yuko wapi katika kisa hicho. Mimi naona maduka mawili na mteja anayetaka bei nafuu, na kufuli limesimama katikati kumzuia mteja asivuke barabara. (Wateja walishtaki. Kesi ikafika mbele ya baraza la mahakama huko California mnamo Desemba 2014, na Apple ikashinda. Mambo ya sheria nawaachia mawakili, mimi naangalia nani alizuiwa.)

Microsoft nao walikuwa na lao. Mwaka 2004 walileta nembo ya PlaysForSure, yaani itapiga tu, usiwe na wasiwasi. Miaka miwili baadaye wakatoa kifaa chao wenyewe, Zune, na hakikupiga nyimbo za PlaysForSure. Ukisikia vichekesho, hicho ni kimoja. Aprili 2008 wakawatangazia waliokuwa wamenunua nyimbo kwenye duka la MSN Music kwamba seva ya funguo itazimwa mwisho wa Agosti. Ukibadilisha kompyuta baada ya hapo, nyimbo zako ndiyo kwaheri. Watu walipiga kelele hadi muda ukasogezwa mpaka mwisho wa 2011. Yahoo nao walizima duka lao Septemba 30, 2008, wakalazimika kuwafidia wateja.

Angalia basi nani aliumia. Aliyenakili nyimbo bure hakupoteza hata mmoja. Aliyelipa ndiye aliyebaki na faili bubu.

Steve Jobs mwenyewe aliandika waraka Februari 2007 akitaka makufuli yaondolewe. Hesabu zake zilikuwa tamu: nyimbo bilioni 2 zilizouzwa kwa iPod milioni 90, yaani nyimbo 22 tu kwa kila iPod, na kwa wastani chini ya asilimia 3 ya muziki uliomo ndani yake. Uliobaki haukuwa na kufuli lolote, tena mwaka 2006 makampuni hayo hayo ya rekodi yaliuza zaidi ya nyimbo bilioni 20 kwenye CD zisizo na kinga. Walifunga dirisha huku ukuta mzima haupo! EMI wakakubali mwaka huo huo, Amazon wakafungua duka la MP3 tupu mnamo Septemba 2007, na Januari 2009 Apple wakatangaza kwamba kufuli linaondoka kwenye nyimbo zote. Hakuna studio iliyofungwa kwa sababu hiyo.

Tukadhani yameisha. Kumbe lilitoka mlangoni likarudi kwa dirishani, safari hii limevaa nguo ya kukodisha. Unalipa kwa mwezi, unasikiliza unachotaka, na wimbo si wako. Mimi sina ugomvi na kukodisha. Nyumba watu wanapanga, baiskeli watu wanakodi. Ugomvi wangu ni kile kitufe cha kupakua. Kama ni kukodisha, andika kukodisha.

Mwezi uliopita nilikwenda matangani Bamba, ambako mtandao unapatikana ukisimama chini ya mwembe fulani na ukiwa na bahati. Nilikuwa nimelipia mwezi mzima katika programu moja, jina nalihifadhi, na nyimbo nimezipakua nikiwa nyumbani kwenye Wi-Fi. Njiani ikagoma. Ikataka niingie mtandaoni kwanza ithibitishe kwamba mimi ni mimi. Dereva wa matatu akachomeka flashi yake, tukasikiliza bango la Mzee Ngala hadi tukafika. Flashi ile haikumuuliza mtu kitambulisho.

Tuangalie maduka ya hapa kwetu sasa, maana ndiyo hasa yaliyonifanya niandike.

Kuna Skiza ya Safaricom, tangu 2009. Nimefikiri sana na sijaona kufuli lililokamilika kama hili duniani. Unalipia wimbo, lakini wewe mwenyewe huusikii. Anausikia anayekupigia, sekunde chache, mpaka upokee. Ukiacha kulipa, umetoweka. Na hii ndiyo inanikera zaidi: tangu 2011 sheria za Kenya zinakuruhusu kuhama mtandao na nambari yako ile ile. Nambari inahama, wimbo hauhami. Sikatai kwamba Skiza imewatilia pesa mfukoni wanamuziki ambao zamani walilipwa makofi tu. Lakini mwanamuziki anapokuwa na mlango mmoja wa kupitia, bei ya kupita anapanga mwenye mlango. Ndiyo maana mwaka 2022 Bunge lilibidi kubadilisha Sheria ya Hakimiliki ili mwenye wimbo asipate chini ya asilimia 52 ya mapato ya milio hiyo. Fikiria: Bunge zima linakaa kugawa pesa za wimbo. Mchuuzi wa samaki hapa Kilifi haitaji Bunge. Bei ya huyu ikimkera anavuka kwa yule.

Kuna Boomplay, iliyoanza 2015 na kutufikia ikiwa imeshawekwa ndani ya simu za Tecno na nduguze. Ina hazina kubwa ya muziki wa Afrika, hilo nalisifu. Lakini ulichopakua ni faili ya aina yao wenyewe, na nje ya Boomplay ni jiwe. Tafuta mtandaoni uone watu wangapi wanauliza namna ya kuigeuza iwe MP3. Hao wote si wezi. Wengi wana redio ya shilingi elfu moja yenye tundu la flashi, na hiyo ndiyo redio ya nyumba nyingi za huku.

Mdundo, iliyofunguliwa Nairobi 2013, ilikwenda njia nyingine. Walikupa MP3 ya kawaida, wakapachika tangazo fupi ndani ya sauti, na pesa za matangazo wakagawana na wanamuziki. Tangazo linaudhi, hasa wimbo ukiwa wa majonzi. Lakini faili ni yako, inapiga kwenye kila kitu. Na haikuwa biashara ya mzaha, mwaka 2020 iliandikishwa kwenye soko la hisa la Copenhagen. Basi tusidanganyane kwamba bila kufuli hakuna duka.

Najua jibu linalokuja. Wataniambia, nenda sokoni uone vibanda vya kujaza nyimbo kwenye memori kadi kwa bei ya chai na mahamri, msanii hapati kitu. Ni kweli, na inauma. Lakini mwulize mwenye kibanda kama amewahi hata mara moja kushindwa na kufuli. Yeye faili haitoi kwenye programu hizo. Anaitoa kwenye kompyuta ya mwenzake, ambaye naye aliitoa kwa mwenzake. Inatosha mtu mmoja kulivunja kufuli mara moja, nchi nzima imepata. Kibanda kinashinda kwa sababu kinauza kitu ambacho duka halali limekataa kuuza: wimbo unaopiga kwenye redio ya mamangu.

Na sheria yetu iko upande gani? Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 35, inahesabu kuvunja kinga ya kiufundi kuwa ni ukiukaji. Kwa hiyo mwenye kibanda na mimi niliyelipa tunatazamwa kwa jicho moja, mimi nikitaka tu kuhamisha wimbo niliolipia kutoka simu mbovu kwenda simu nzima.

Kuna jambo jingine, na ndilo linaloninyima usingizi. Taarabu ya mwambao imetufikiaje? Kwa kanda. Pale Mombasa palikuwa na maduka kama Mbwana Radio Service, unakwenda unaagiza, unanakiliwa kanda ya Juma Bhalo, ya Zein l'Abdin, ya Zuhura Swaleh. Kanda ikakopwa na jirani, ikanakiliwa tena, ikaenda Lamu, ikaenda Muscat ndani ya begi. Sauti ilichuja kila ilipohama, lakini ilihama. Juma Bhalo alifariki 2014, Zein 2016, na nyingi ya nyimbo zao unazozisikia leo mtandaoni zimetoka kwenye kabati za watu waliozitunza. Hakuna kampuni iliyozihifadhi kwa ajili yetu.

Sasa chukua kijana wa Malindi anayetoa wimbo wa Kigiriama leo, akauweka kwenye programu mbili tatu zenye kufuli, basi. Siku programu ikifungwa, au ikigombana naye, au mwenye hisa wa mbali akichoka kupata hasara, kabati la nani litakuwa na wimbo ule? Wateja wake elfu waliupakua, na hakuna hata mmoja aliye nao. MSN na Yahoo zilikuwa kampuni kubwa kuliko hizi zote, na zilizima.

Wanamuziki, nyinyi ndio ninaowalaumu kidogo. Mnatia sahihi bila kuuliza mteja atapewa nini. Ulizeni. Semeni kwamba mnataka wimbo uuzwe pia kama faili wazi, shilingi ishirini, thelathini, upendavyo, na uuzwe kwa kila duka linalotaka, ili maduka yapigane kwa bei na huduma badala ya kupigana kwa funguo. M-Pesa tunayo tangu 2007, na tangu 2017 Safaricom imetufungulia waandika programu mlango wa Daraja, wa kuunganisha malipo na tovuti zetu. Mteja anaandika nambari yake, anaweka siri, faili inashuka. Nimeshawafanyia kazi hiyo wauza nguo na wenye vyumba vya wageni. Wimbo ni mwepesi kuliko chumba, hauna hata shuka za kubadilisha.

Kwa hiyo nasema hivi. Mwanamuziki yeyote kati ya Mtwapa na Malindi mwenye nyimbo kumi ambazo haki zake anazo mwenyewe, aje Bofa. Duka nitamwandikia bure, bei apange yeye, pesa ziingie kwenye laini yake. Sharti langu ni moja, faili itoke ikiwa MP3.