Rufaa ya Mzee Anayetetemeka: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Lamu



Tangu huduma za afya zikabidhiwe serikali za kaunti mwaka 2013, rufaa inayomtoa mzee Faza au Kizingitini kwa mashua hadi Hospitali ya King Fahd mjini Lamu imekuwa jukumu la Kaunti yenyewe, na barua hii inahusu yanayostahili kuandikwa katika rufaa hiyo mzee anapoanza kutetemeka, kukokota miguu au kuanguka mara kwa mara.

Dalili hizo huletwa na maradhi yanayofanana kwa sura lakini yasiyotibiwa kwa njia moja, na pengine mawili hukutana katika mwili mmoja. Ugonjwa wa Parkinson, ulioelezwa na daktari Mwingereza James Parkinson mwaka 1817, hutokea pale chembe za ubongo zitengenezazo dopamini, kemikali inayoratibu mwendo, zinapokufa kidogo kidogo; aghalabu mkono mmoja ndio huanza, hutetemeka ukiwa umetulia pajani, na viungo huwa vigumu na vizito. Tetemeko la kurithi, ambalo mara nyingi hupita katika ukoo, ni kinyume chake, kwani mkono hutulia ukipumzishwa na kuanza kucheza pale mzee anapoinua kikombe cha kahawa. Kuna pia miguu inayokokota baada ya viharusi vidogo vidogo, na ugumu wa viungo unaoletwa na dawa, kama vile metoklopramidi ya kuzuia kutapika, ambao mara nyingi hupungua daktari akiisimamisha.

Mkanganyiko wa hatari zaidi umo katika maradhi ya vijumbe vya Lewy, ambayo huleta usahaulifu, ugumu wa viungo na maruweruwe kwa pamoja. Jamaa wakisema mzee amepandwa na pepo, na tabibu akadhani ni wazimu, huenda akapewa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili ambayo kwa mgonjwa wa namna hii yaweza kuua.

Utambuzi wa maradhi haya hauanzi na mtambo (jambo la heri kwa visiwa), kwa sababu picha ya kawaida ya kichwa haithibitishi Parkinson. Huanza na macho ya tabibu na maswali yake. Na wengi hukosa utambuzi huo: wilayani Hai, Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wametambuliwa kabla.

Kwa hiyo Idara ya Afya ya Kaunti inaombwa kuagiza kila rufaa ieleze tetemeko hutokea wakati gani, lilianzia upande upi, mzee alianza kuanguka lini, na dawa zote anazotumia, za duka na za miti shamba. Levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, nayo iwepo King Fahd daima, maana jinsi mgonjwa anavyoiitikia ni sehemu ya utambuzi. Mbegu za upupu zina levodopa kiasili, ila kiasi chake hakitabiriki na haziwezi kushika nafasi ya kidonge kilichopimwa. Na kwa kuwa maradhi haya hujipambanua kadiri miezi inavyopita, majibu ya hospitali yarudishwe kwa maandishi kwenye zahanati ya kijiji, ili mzee achunguzwe tena huko huko bila kulipa nauli ya mashua.