Safari ya Mafunzo ni ya Darasa Zima

Mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya za Masasi na Newala akiulizwa atalipeleka wapi darasa lake kwa safari ya mafunzo ya siku moja, aghalabu hujibu bila kusita: Mtwara au Mikindani. Basi hukodiwa, michango hukusanywa, na siku ikiwadia watoto hupelekwa kuiona bahari. Hatukusudii kulibeza jambo hili. Mikindani ina majumba ya kale ya mawe na boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, na ni kutoka huko alikoanzia David Livingstone safari yake ya mwisho ya kuelekea bara mwaka 1866. Hata hivyo, yafaa walimu wanaojiandaa kwa kazi hii watambue kwamba safari ya namna hiyo ina kasoro mbili, nayo ya kwanza ni kasoro ya haki kabla ya kuwa ya ufundishaji.

Kutoka Masasi hadi Mtwara ni kilomita zipatazo 200. Elimu ya msingi bila ada ilianza kutekelezwa Januari 2016, lakini mwenye basi hana msamaha. Mzazi ambaye hajalipwa fedha za korosho zake hana la kutoa. Tuseme darasa lina watoto hamsini na waliolipa ni thelathini. Kesho yake mwalimu husimama mbele ya wote hamsini na kufundisha juu ya yale yaliyoonwa na thelathini. Wale ishirini wameambiwa, tena mbele ya wenzao, kwamba somo hili si lao. Hakuna faida ya kuona bahari inayoweza kulipia jambo hilo.

Kasoro ya pili ni kwamba njia humeza siku. Tumepata kusoma insha za watoto waliotoka katika safari hizo. Nyingi zilisema hivi: tuliondoka alfajiri, tukafika, tukala mkate na soda, tukarudi usiku. Hatuwalaumu watoto. Hawakupewa swali la kwenda nalo, kwa hiyo hawakurudi na jibu.

Rai yetu ni kwamba safari ya kwanza ya darasa iwe ya miguu, iwe ya darasa zima, na iwe na swali moja.

Wapo watakaouliza: mtoto atajifunza nini katika mlima anaouona kila siku? Jawabu letu ni kwamba kuona si kuchunguza. Chukua milima ya mawe ya Masasi, kama vile Mtandi, iliyosimama peke yake katikati ya nchi tambarare. Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyezichunguza sehemu hizi za kusini katika miaka ya 1890, ndiye aliyeipa milima ya namna hii jina la Kijerumani lenye maana ya ‘milima-visiwa’, nalo latumika hata leo katika jiografia ya dunia nzima. Mtoto wa Masasi amekulia chini ya milima hiyo pasipo kuulizwa kwa nini imesimama. Mwulize, kisha umwache akae na swali. Baada ya matembezi, fukieni mawe katika tuta la mchanga na kulimwagia maji kidogo kidogo. Mchanga utachukuliwa na mawe yatabaki wazi. Hapo mtoto ataelewa kwamba mwamba mgumu haukuota kama uyoga, bali vilivyouzunguka vilimomonyolewa kwa muda mrefu mno.

Newala nayo ina swali lake, nalo ni maji. Watu wa juu ya uwanda wa Makonde waliteremka magengeni kwa vizazi vingi kufuata maji bondeni, hata katika miaka ya 1950 ulipoanzishwa mradi wa kuyapandisha kwa mitambo. Mtoto anajua kwamba maji yako chini, lakini hajui sababu. Lipelekeni darasa Shimo la Mungu, mahali ambapo uwanda unakatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana hadi Msumbiji. Watazame udongo wa juu, kisha mimea iliyo chini. Mkirudi, toboeni kopo kitakoni, lijazeni mchanga na kulimiminia maji. Maji yatatoweka juu na kutokea chini. Kopo moja lililookotwa jalalani limefanya kazi ya sura nzima ya kitabu.

Mahali hapo hapo panafaa kwa historia. Ng’ambo ya mto huo watu wa Msumbiji walipigania uhuru wao kuanzia mwaka 1964 hadi 1974, na wengi walivuka kuja kuishi upande wetu. Wazee wanaokumbuka miaka hiyo wangaliko. Masasi pia ina historia ya kutembelewa kwa miguu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, akinuia kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa, lakini wakaishia kukaa Masasi. Kituo hicho kilishambuliwa na Wangoni mwaka 1882, kazi ikahamishiwa Newala. Baadaye kituo cha Masasi kilijengwa upya, kisha kikaharibiwa tena mwaka 1905 katika Vita vya Maji Maji. Hapa twatoa onyo moja. Mwalimu asithubutu kumwuliza mtoto kama babu zake walikuwa watumwa au ni wa kabila lililoshambulia. Afundishe habari za watu wote, asimwaibishe mmoja.

Sasa tuangalie utaratibu. Kwanza, mwalimu aende peke yake kabla ya siku ya safari. Apime muda wa kutembea, atafute kivuli, aombe ruhusa kwa viongozi wa kijiji, na awaulize wazee kama kuna mahali pasipoingiwa. Pili, aandike swali la safari katika andalio la somo na kulisoma darasani siku iliyotangulia. Tatu, awagawe watoto katika vikundi vidogo, kila kikundi na kazi yake: hiki kichore, hiki kipime kwa hatua, hiki kimsikilize mzee. Mtoto asiyeweza kutembea mbali asiachwe shuleni. Ni afadhali kufupisha njia. Nne, watoto wahesabiwe wakiondoka, wakifika na wakirudi, na pale Shimo la Mungu mstari wa kusimama uwekwe mbali na ukingo, mtu mzima akiwa mbele yao. Tano, kazi ya kurudi ifanywe kesho yake, swali lingali moto.

Mwalimu akikwisha kufanya hayo, na kama shule ina njia ya kuwachukua wote bila kumwacha hata mmoja, basi na waende Mikindani. Watoto waliokwisha kujifunza kuuliza kwa nini maji yanatokea chini ya genge watafika pwani wakiuliza kwa nini mji ulijengwa pale na bandari ile ilifaa nini.

Enyi walimu watarajiwa, wengi wenu mtapangiwa shule zisizo na basi wala fungu la safari. Msingoje. Nje ya mlango wa darasa mna njia, na watoto wote hamsini wana miguu ya kuifuata.